Kipimo cha Tabia si Hukumu



Mwaka wa 1921, Carl Jung, daktari wa Uswisi, alichapisha kitabu kuhusu aina za watu. Huko Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers wakayatumia mawazo hayo kuunda kipimo kinachowagawa watu katika makundi 16. Leo kijana hukijibu kwenye simu, akapewa herufi nne, kisha akasema: “Mimi ni mkimya, uongozi haunifai.”

Hapo ndipo penye hatari. Watafiti wengi sasa hupima sifa tano: hamu ya mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote, ila kwa viwango tofauti. Tena hubadilika, wengi huzidi kuwa na utaratibu kadiri wanavyokomaa.

Kwa hivyo, anayepata majibu ayalinganishe na matendo yake, amuulize anayemfahamu vyema, kisha achague jambo moja la kurekebisha. Mkimya na aanze kwa kuuliza swali moja kwenye kikao cha bajeti ya wadi. Naye mwajiri asimnyime mtu kazi kwa sababu ya herufi nne.