Pori Lenye Wenyewe: Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria katika Kanda ya Ziwa



Katika riwaya nyingi za mapenzi zinazojengwa mbugani, pori huwa pambo tu: simba hunguruma, jua huzama, wapendanao hukutana. Wenyeji hawaonekani, kana kwamba nchi hiyo haikuwahi kuwa na wenyewe. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba Kanda ya Ziwa inayo riwaya iliyofuata njia nyingine, nayo ndiyo inayomfaa mtunzi wa Shinyanga na Geita.

Riwaya hiyo ni ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981). Aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake.

Myombekere na mkewe Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, na wazazi wake wanamrudisha nyumbani. Desturi ilimruhusu mume kuoa mwingine. Myombekere anachagua kwenda ukweni kuomba radhi na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo ndipo ulipo ufundi wa mtunzi. Upendo hautangazwi kwa maneno matamu, bali hupimwa kwa kazi. Ili mume ampate mkewe, sharti apate ndizi, vyombo na majirani wa kumsaidia. Na msomaji anayefuatilia mapenzi hayo hujikuta amejifunza kilimo, tiba na adabu za ukwe za enzi kabla ya ukoloni. Kitereza mwenyewe alifiwa na watoto wote aliozaa na mkewe wangali wadogo, wala hakuoa mke wa pili. Riwaya si wasifu, lakini uvumilivu unaosimuliwa humo haukuwa wa kubuni tu.

Tukigeukia Geita, hali ya pori inaonekana kuwa kinyume. Kisiwa cha Rubondo kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa katika miaka ya 1960. Katika miaka hiyohiyo sokwe waliletwa kutoka Ulaya na kuachiwa msituni. Mgeni wa leo huona msitu usio na watu, akadhani ndivyo ulivyokuwa tangu hapo.

Shinyanga, kwa upande wake, yatoa mfano tofauti. Wasukuma hutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirejesha uoto wa mkoa huo kwa kuifufua desturi hiyo. Ngitili ni pori, lakini ni pori la ukoo au la kijiji.

Kwa hiyo, mtunzi wa riwaya ya kihistoria hapaswi kuanza na mnyama wala mandhari. Hana budi kwanza kuuliza: nani aliishi hapa, alimposa nani, na mahari ilivushwa kwa mtumbwi gani? Wazee wanaoweza kujibu swali hilo kuhusu Rubondo wanazidi kupungua. Wanafunzi wa fasihi wasipowaendea sasa, watakaokuja watabaki na sokwe na machweo.