Kamba na Shamba: Maneno Machache juu ya Jiometri

Leo nataka kusema nanyi juu ya elimu ambayo wanafunzi wengi huiogopa, na wazee wengi hudhani kwamba haiwahusu. Jina lake ni jiometri. Asili ya neno hili ni Kiyunani, na maana yake ni kupima ardhi. Basi tusianze ubaoni, twende shambani.

Natuseme kwamba mzee mmoja amefariki, ameacha wana wawili na shamba. Wazee wa ukoo wamekata shauri kila mmoja apate sehemu iliyo sawa na ya mwenzake. Kaka apewa kazi ya kugawa. Achukua kamba yenye urefu wa hatua 120, aizungusha sehemu yake, kisha aizungusha sehemu ya mdogo wake kwa kamba ile ile. Wazee waona kwa macho yao kwamba kamba ni moja. Waridhika na kurudi makwao. Sehemu ya kaka ni hatua 30 kwa 30. Sehemu ya mdogo wake ni ndefu na nyembamba, hatua 50 kwa 10. Je, wamegawana sawasawa?

La, hawakugawana sawasawa. Ili kujua ukubwa wa shamba la namna hii, twazidisha urefu kwa upana. Thelathini mara thelathini ni 900. Hamsini mara kumi ni 500. Yaani shamba la kaka laweza kukatwa katika miraba 900, kila mraba hatua moja kwa hatua moja, na la mdogo wake miraba 500 tu. Kila shina la muhogo likipewa mraba mmoja, kaka atapanda mashina 900, na mdogo wake 500. Labda kaka hakukusudia kudhulumu. Naye pia alidanganywa na kamba. Alichopima ni mzingo, yaani njia ya kulizunguka shamba, wala si eneo, yaani ardhi iliyomo ndani. Nalo jembe halilimi mzingo, lalima eneo.

Sasa wanafunzi, turudie maneno mliyoyasoma shuleni. Kigingi kilichochomekwa ardhini ni mfano wa nukta: chaonyesha mahali. Kamba iliyovutwa barabara baina ya vigingi viwili ni mfano wa mstari mnyofu, nayo ndiyo njia fupi kupita zote kati ya nukta hizo. Kamba mbili zikikutana penye kigingi kimoja, uwazi ulio kati yake ni pembe. Pembe hupimwa kwa digrii. Mzunguko mzima ni digrii 360. Robo yake ni digrii 90, nayo ni pembe mraba, kama pembe ya ukurasa wa kitabu. Iliyo ndogo kuliko hiyo huitwa pembe kali; iliyo kubwa kuliko hiyo, lakini haijafika digrii 180, huitwa pembe butu.

Mtaniuliza, pembe yahusu nini katika habari ya ndugu wawili? Yahusu sana. Tuseme mdogo mtu amelalamika, naye apewa shamba jingine ambalo kila upande wake ni hatua 30, kama la kaka yake. Lakini shamba hilo limelala upande, kama sanduku lililosukumwa likapinda: pembe zake mbili ni kali na mbili ni butu. Ukipima kutoka upande mmoja mpaka upande unaoelekeana nao, kwa mstari unaosimama wima juu ya pande zote mbili, waona hatua 15 tu. Basi eneo lake ni 30 mara 15, yaani 450. Pande zote ni sawa, mzingo ni ule ule, na bado nusu ya ardhi imepotea! Kwa hiyo mtu apimaye pande asiangalie pembe, hajapima bado.

Twapataje pembe mraba pasipo chombo cha dukani? Chukueni kamba, mfunge mafundo 13 yenye nafasi 12 zilizo sawa kabisa. Fundo la kwanza na la mwisho liwekeni penye kigingi kimoja. Kigingi cha pili kiwe penye fundo la nne, na cha tatu penye fundo la nane. Vuteni kamba isilegee. Mtapata pembetatu yenye pande za nafasi 3, 4 na 5, na pembe iliyo penye fundo la nne ni pembe mraba. Sababu yake ni hii: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 5 mara 5 ni 25. Kanuni hii huitwa kwa jina la Pythagoras, Myunani, lakini vibao vya udongo vya Babeli, vyenye umri wa miaka zaidi ya 3,500, vyaonyesha kwamba watu wa huko waliijua kabla yake.

Na shamba lisilo na umbo la mraba wala mstatili? Likiwa na pande nne zilizopotoka, vuteni kamba toka pembe moja mpaka pembe inayoelekeana nayo. Sasa mna pembetatu mbili. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, na kimo sharti kisimame kwa pembe mraba juu ya kitako. Kamba ya kati ikiwa hatua 40, na vimo ni 18 na 12, maeneo ni 360 na 240. Shamba lote ni 600. Tena, hatua za mtu mrefu si sawa na za mtu mfupi. Kateni fimbo moja, mpimie hiyo tangu mwanzo hata mwisho.

Herodotus, mwandishi wa tarehe wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alieleza kwamba huko Misri, mto ulipochukua sehemu ya shamba la mtu, mfalme alituma watu kupima kilichopotea, ili kodi ipunguzwe kwa kadiri yake. Alidhani kwamba jiometri ilianzia hapo. Basi tangu kale elimu hii yatakiwa kwa ajili ya haki.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Lakini ugomvi wa mpaka hudumu kupita mavuno mengi, hata wajukuu huurithi. Enyi wanafunzi, siku wazee watakapokwenda kugawa shamba, msikae nyuma. Chukueni kamba yenu yenye mafundo, ombeni ruhusa kwa adabu, na pimeni mbele ya macho ya wote.

Kwaherini.