Tiketi yenye kueleweka: namna ya kumwambia ajenti wa akili bandia kazi yake

 

Leo tunazungumza ju ya kitu kidogo: sentensi chache ambazo mtu anaandika mbele ya kuachia programu ya akili bandia ipokee malalamiko ya raia. Ni kidogo, lakini ni hapo malalamiko ya mama wa Katuba yanafika ao yanapotea.

Tuanze na msingi. Tiketi ni karatasi ya malalamiko ndani ya kompyuta. Iko na namba, tarehe, mahali, shida yenyewe na hali yake: imefunguliwa, inangojea, imemalizika. Zamani ni mtu wa ofisi alikuwa anaijaza. Sasa kuna ajenti wa akili bandia: anasoma ujumbe wako, anachagua chombo, anakijaza mwenyewe. Mwezi wa 11 mwaka 2024, kampuni Anthropic ilitoa Model Context Protocol, kanuni ya wazi ya kuunganisha modeli na vyombo vya inje. Ndani yake chombo kiko na jina, maelezo, na orodha ya vitu vya kujaza. Ajenti haoni ofisi yenu, hajui shefu wenu, hajui mji wenu namna nyinyi munaujua. Ju ya chombo kile, anajua tu yale mumeandika.

Tuseme tunajenga chombo cha malalamiko ya maji na umeme kwa mji wa Lubumbashi. Mtu wa haraka anaandika: «Chombo cha kufungua tiketi.» Basi, amemaliza. Kisha mama anatuma: «Niko Kenya, siku tatu hatuna maji.» Sisi wote hapa tunajua Kenya ni komine. Ajenti anaweza kufikiri ni inchi, na kumujibu mama kwamba huduma yetu haifiki kule. Na mwenye kuandika «Lubumbashi», anasema mji ao komine? Yote mbili ziko.

Kwa hiyo maelezo yanapashwa kusema mambo matano.

Moja: wakati gani kutumia chombo, na wakati gani kukiacha. «Tumia wakati mkaaji analeta shida mpya ya maji ao umeme. Usitumie kama anauliza bei tu, ao kama tayari iko na namba ya tiketi. Hapo tumia chombo cha kufuata tiketi.»

Mbili: kila sehemu inataka nini. Komine ni moja kati ya saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi, Ruashi. Kama mkaaji hakuisema, ajenti amuulize. Asikisie. Pahali patupu panamuvuta ajenti kujaza, na atajaza hata uongo wenye kupendeza.

Tatu: «haraka» maana yake nini. Kwa kila mtu, shida yake ni ya haraka. Andika mifano: waya wa umeme umeanguka barabarani, hospitali imekosa maji. Faktire yenye makosa ni shida ya kweli, lakini haiwezi kupita mbele ya waya ule.

Ine: luga. Katiba yetu ya 2006 inatambua Kifaransa kama luga rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kama luga za taifa. Sema wazi: maneno ya mkaaji yabaki vile aliyasema, na ufupisho uwekwe pembeni. Mtu asipoteze haki yake ndani ya tafsiri.

Tano: chombo kinarudisha nini. Kinarudisha namba ya tiketi. Namba si maji. Ajenti asimwambie mama «shida imeisha» wakati bidoni ingali tupu. Na kama rezo imekatika katikati, aangalie kwanza kama tiketi ilifunguliwa, mbele ya kufungua ya pili.

Sasa jambo zito kuliko yote. Kijana anaandika kwamba ajenti wa ofisi fulani amemuomba franga ili amurudishie umeme. Tiketi ile nani ataisoma? Kama inaanguka mezani pa yule yule anayeshitakiwa, tumemuuza kijana. Maelezo yaseme: malalamiko ju ya mfanyakazi yapite njia yao ya pembeni, na mwenye kushitaki aambiwe nani ataona jina lake mbele ya kulitoa.

Lakini musidanganyike: maelezo si kufuli. Ajenti anaweza kukosea, ao mtu mubaya anaweza kumudanganya kwa maneno aliyoficha ndani ya ujumbe. Ruhusa ya kusoma majina ifungwe ndani ya programu yenyewe, si kwa sentensi tu.

Munataka kupima kazi yenu? Mupe rafiki asiyejua chombo maelezo yale peke yake, na ujumbe tano namna raia wanaziandika kweli. Ajaze tiketi. Kila pahali anageuka kukuuliza, pale kuna sentensi inakosekana. Iandike, umupe tena mtu mwengine.

Tunadai kila siku viongozi waseme wazi nani anafanya nini, lini, na nani anajibu. Tukijenga vyombo vyetu, tuanze na sisi wenyewe.

 Maulizo?