Msemaji wa Mfanyakazi Aliyeumia: Mada juu ya Madai ya Fidia katika Wilaya ya Kyela



Wazee wa mwambao huu wa Kyela walioajiriwa na Wenela, wakala wa migodi, kuchimba dhahabu Afrika Kusini aghalabu walirudi na vifua vibovu pasipo mtu wa kuwasemea. Na sisi wajukuu wao, ambao tumewekewa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015, tungali tukidhani kwamba haki hii haipatikani ila kwa kuuza ng'ombe ili kumlipa wakili wa Mbeya mjini. Dhana hiyo, kwa rai yangu, imewapotezea watu wengi haki zao kabla hata wakili hajaonwa.

Mfuko si mahakama. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, wala mdai hahitaji kuthibitisha taksiri ya tajiri wake. Yamtosha kubainisha kwamba aliumia kazini na kwa sababu ya kazi, maadamu habari imetolewa kabla ya miezi 12 kupita tangu aumie. Kinachoangusha madai ni karatasi.

Mathalan mpagazi wa ghala la kakao pale Ipinda, aliyeangukiwa na gunia akipakia lori wakati wa msimu. Wenzake humpandisha bodaboda hadi hospitali, na karani wa mapokezi amwulizapo yaliyompata, mgonjwa, kwa maumivu au kwa kumwogopa tajiri, hujibu kwamba ameanguka. Basi katika cheti huandikwa "ameanguka", pasipo kutajwa ghala wala kazi. Miezi kadhaa baadaye cheti hicho huwa ndicho shahidi wa kwanza dhidi yake, na hakuna ijara ya wakili iwezayo kukifuta. Lau angalikuwapo mtu mmoja wa kumhimiza karani aandike mahali, saa na kazi iliyokuwa ikifanyika, sehemu kubwa ya uwakili ingalikwisha fanyika papo hapo, bure.

Tajiri naye hujitetea kwamba huyo ni kibarua tu, hana mkataba. Hoja hiyo huwatisha wengi, ilhali Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, humdhania kuwa mwajiriwa mtu aliyemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, mpaka ithibati ya kinyume iletwe. Daftari la ghala, ujumbe wa malipo uliobaki katika simu, na kauli za wapagazi wenzake ni ushahidi wa kutosha kuanzia.

Nani basi wa kuyakusanya hayo? Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye hana ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili wala ya kumtoza mnyonge ada, lakini aweza kuandika barua, kujaza fomu na kumfuatilia mwajiri asiyetaka kutoa taarifa. Aulizwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi aanzie huko, kwani michango yake ya kila mwezi haikukusudiwa fulana za Mei Mosi pekee.

Wakili mwenyewe atafutwe pindi madai yakataliwapo, au kiwango cha ulemavu kikadiriwapo chini ya hali halisi, na njia ya rufaa ikaelekea kwa Waziri na hatimaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hapo ada iandikwe kabla ya kazi kuanza, na stakabadhi idaiwe. Vishoka wanaoomba sehemu ya fidia kwa kujaza fomu isiyo na malipo wafukuzwe.

Napendekeza kwamba, kabla ya msimu ujao wa kakao, namba za wasaidizi wa kisheria zibandikwe katika maghala ya ushirika, bandarini Itungi na mpakani Kasumulu, na makarani wa mapokezi hospitalini waagizwe kumwuliza kila majeruhi alikuwa akifanya kazi ya nani, na jibu liandikwe.