Nanga za Mishipi kwa Gharama Ndogo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka



Kamati ilituomba sisi wavuvi wa Chama tueleze jambo moja tu, nalo ni namna ya kujitengenezea nanga za mishipi bila kutumia fedha nyingi. Huenda mwenzetu atokaye Imenti au Runyenjes, kwenye majani chai na kahawa, akajiuliza: nanga na mlima wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza.

Wazee wengi wa nyanda zetu za juu hawakuwa walaji wa samaki, na mto Tana ulikuwa mbali na mashamba yao. Mambo yaligeuka Tana ulipozibwa. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Masinga peke yake, likijaa, huenea katika kilometa za mraba zipatazo 120. Hivyo nchi ya Mbeere, iliyozoea kungoja mvua kwa ajili ya mtama na kunde, ikajikuta ina ziwa mlangoni. Leo ngege na kambare wa maji hayo huuzwa Kiritiri na mjini Embu, na karo za watoto wengi hutoka humo. Watu wa pwani husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwetu wali si chakula cha kila siku, lakini maana ya methali ni ile ile.

Sasa, kwa nini tujishughulishe na nanga? Mshipi mrefu wa ndoana 50 au 100 hutegwa jioni na kuvuliwa asubuhi. Usiposhikwa vizuri chini, upepo huukokota, ukajisokota, ukaingia katika nyavu za jirani, na asubuhi yake huwa ni ya magomvi badala ya samaki. Ukipotea kabisa hauachi kuvua. Huendelea kuwaua samaki na ndege ambao hakuna atakayewala. Hiyo ndiyo hasara ya mali.

Lakini iko hasara kubwa kuliko hiyo. Mvuvi asiye na nanga hufunga ncha ya mshipi wake kwenye kigingi alichokisimika majini, na ili akifikie humbidi aingie maji ya kiuno, pengine ya kifua, jua likiwa linazama. Tana ni mto wa mamba na viboko, na mabwawa yake ni yao vile vile. Mtu aingiaye humo kwa ajili ya kufunga kamba ameweka rehani uhai wake kwa kitu ambacho jiwe moja lingeweza kumfanyia. Nanga huteremshwa kutoka chomboni, na mvuvi hubaki mkavu. Basi twaomba ndugu zetu wasilione shauri hili kuwa dogo.

Baadhi ya wanachama wamependekeza mfuko wa Chama ununue nanga za chuma kutoka madukani. Sisi twapinga kwa heshima. Nanga ya mshipi ni kitu cha kupotea. Hunasa kwenye visiki, hukatika kamba, huzama topeni. Kitu cha namna hiyo hakifai kuwa cha thamani, bali yafaa kiwe rahisi kutengenezwa tena.

Kabla ya kuunda nanga ni lazima tujue uzito wake majini, maana uzito wa nchi kavu hudanganya. Kila kitu kizamapo hupungukiwa na uzito sawasawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Kilo 10 za zege hubaki kama kilo 6 tu zikiwa ndani ya maji. Mawe na mchanga vivyo hivyo, hupoteza karibu kilo 4 katika kila 10. Chuma hupoteza kidogo zaidi ya kilo 1, kwa hiyo kilo 10 zake hubaki karibu 9. Anayepima nanga ya jiwe kwa mkono akiwa ufuoni hana budi kukumbuka kwamba kule chini itakuwa nyepesi. Kwa mshipi wa ndoana 50 katika hori lililotulia, twashauri nanga mbili za kilo 5 kila moja, moja kila ncha. Penye upepo mkali, ziwe za kilo 10.

Nanga ya kwanza ni jiwe. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia mawe yaliyotobolewa kwa karne nyingi, wala si aibu kuwafuata. Usichague jiwe la mviringo, kwa kuwa hubingirika na kamba huponyoka. Tafuta lenye kiuno, au lichongwe mfereji mdogo katikati, kamba ikae humo. Jiwe lisilo na kiuno lifumwe ndani ya kipande cha wavu mkuukuu, kisha mdomo wa wavu ufungwe kwa kamba ya nanga. Gharama yake ni jasho tu.

Nanga ya pili ni gunia la mchanga. Lita 10 za mchanga mkavu zina kilo zipatazo 16, na majini hubaki kama 10. Gunia hulala vizuri juu ya tope na halichani mtumbwi. Tumieni gunia la katani, kwa sababu likichakaa huoza na mchanga hurudi ulikotoka. Magunia ya plastiki huchanika nyuzi nyuzi kwa jua, na nyuzi hizo hubaki majini miaka mingi. Gunia la katani halidumu, kwa hiyo likaguliwe kila wiki.

Nanga ya tatu ni ya zege, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa Chama. Chukueni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga safi na tatu za kokoto ndogo. Changanyeni vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, kisha ongezeni maji kidogo kidogo. Zege liwe zito kama ugali mlaini, lisitiririke kama uji, maana maji mengi hulidhoofisha. Kalibu iwe mkebe wa rangi wa lita 4 uliotandikwa jani la mgomba ndani ili zege lisigande. Asiye na mkebe achimbe shimo katika mchanga wenye unyevu, lipana kama bakuli, na alijaze zege. Nanga ya umbo la bakuli, ikilala kifudifudi topeni, hushika kuliko ya umbo la mkebe.

Pete ya nanga ikunjwe kwa nondo ya milimita 8 katika umbo la kiatu cha farasi, na miguu yake ipindwe kuelekea nje kabla ya kuzamishwa katika zege. Isipopindwa, itachomoka siku utakayoihitaji. Zege likishashika, lifunikwe kwa magunia yaliyoloana na kunyunyiziwa maji kila siku kwa muda wa siku 7. Zege halikomazwi na jua. Hukomazwa na unyevu, na nguvu zake huendelea kuongezeka hadi siku ya 28. Mkebe mmoja wa lita 4 hutoa nanga ya kilo 9 na nusu hivi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutosha nanga 30. Hesabu hiyo kila mwanachama aweza kuilinganisha na bei ya nanga moja ya dukani.

Nanga ya nne ni ya makucha, nayo ni kwa ajili ya penye mkondo au miamba. Inawafaa hasa ndugu zetu wa Tharaka wategao mtoni, ambako uzito peke yake hautoshi. Chukueni vipande vinne vya nondo ya milimita 8, kila kimoja urefu wa futi mbili, vifungwe pamoja kwa waya au vichomelewe, na ncha zake zikunjwe kama ndoana kubwa zikielekea pande nne. Shina lake lisimamishwe ndani ya kipande cha bomba na kujazwa zege ili lipate uzito. Nondo nyembamba ina faida yake: kucha ikinasa mwambani na ikavutwa kwa nguvu, hunyooka na kuachia. Ukifika nyumbani unaikunja tena.

Tuongeze hila moja ya kuokoa nanga iliyonasa. Usifunge kamba kwenye pete ya juu. Ifunge chini kabisa, makucha yanapokutana, kisha ipandishe sambamba na shina, uishikize kwenye pete kwa uzi dhaifu. Siku zote nanga itavutwa kutoka juu kama kawaida. Ikinasa kwenye kisiki, vuta kwa nguvu, uzi utakatika, na nanga itatoka kinyumenyume.

Kamba nayo ina sheria yake. Kamba fupi huinua nanga, na kamba ndefu huilaza. Urefu uwe angalau mara tatu ya kina cha maji. Wala kina cha mabwawa yetu hakikai mahali pamoja. Ukame wa mwaka 2009 ulishusha maji ya Masinga hata kituo chake cha umeme kikasimamishwa. Mvua za mwaka 2024 zikayajaza mabwawa yote ya Tana mpaka yakafurika. Mvuvi atumiaye kipimo cha mwaka jana atalikuta boya lake limezama, au mshipi wake umelala juu ya nchi kavu. Apime kina upya kila msimu kwa kamba yenye mafundo. Mahali kamba inapopita kwenye pete, aivike kipande cha mpira wa kumwagilia maji ili isilike.

Sasa twanena maonyo, nayo twaomba yasikiwe kuliko yote yaliyotangulia.

La kwanza, msiyeyushe risasi ya betri kuukuu nyumbani ili kutengeneza chubwi. Moshi na vumbi lake ni sumu, na huharibu akili za watoto wadogo kabla dalili hazijaonekana. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Ikiwa mtaa mzima ulidhurika, itakuwaje jikoni mwa mama? Kwa chubwi, plagi kuukuu za magari na vijiwe vyatosha.

La pili, nondo zetu zitoke kwenye mabaki ya ujenzi yaliyopatikana kwa idhini ya mwenyewe. Mtu ang'oaye chuma cha daraja au cha kizuizi cha barabara ili avue samaki amevunja njia ambayo samaki hao wangepitia kwenda sokoni, na siku moja mtoto wake atapita hapo gizani.

La tatu, nanga iteremshwe polepole kutoka omo ya mtumbwi, isirushwe kutoka ubavuni. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni, na miguu isisimame ndani ya mizungu yake. Nanga ya kilo 10 ikishika mguu wa mtu haitamwuliza kama ajua kuogelea. Kila aingiaye chomboni avae jaketi la kuokolea, hata kama maji yametulia kama maziwa kwenye kibuyu.

La nne, nanga nzuri haimpi mtu ruhusa ya kuvua. Kila mmoja awe na leseni, na ajiandikishe katika kikundi cha usimamizi wa ufuo wake. Nanga na boya viandikwe alama ya mwenyewe, ili kilichookotwa kirudishwe.

Bwana Mwenyekiti, twamalizia kwa maombi matatu, nasi twataka yapigiwe kura leo. Kwanza, Chama kinunue mifuko miwili ya saruji, ambayo itatoa nanga 60, nasi wavuvi tutaleta mchanga, kokoto, mikebe na mikono yetu bila malipo. Pili, nanga za kwanza zipewe wale wategao kwa vigingi hivi sasa, kwa kuwa ndio walio katika hatari kila jioni, na wajane walio na mishipi lakini hawana wa kuwafulia chuma wahesabiwe pamoja nao. Tatu, siku ya kumimina zege vijana wote waitwe, wa mlimani na wa bondeni, wajifunze kwa kutenda. Kijana wa Imenti asiyevua hatapoteza kitu, maana ajuaye kumimina nanga imara ajua pia kumimina nguzo ya boma la ng'ombe.

Haba na haba hujaza kibaba. Mfuko wa Chama ni mdogo, na sisi hatuombi uwe mkubwa kwa siku moja. Twaomba tu sehemu yake ndogo iende chini ya maji, ili ndugu zetu wasiende huko.