Asilie Mtu Peke Yake



Habari za wenye kubeba bunduki tunazisikia kila siku. Leo tuzungumze juu ya wale wanaobaki na maumivu wakati bunduki imenyamaza, na hasa wanawake waliobakwa mbele ya mtutu.

Mwaka 1999 munganga Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, mjini Bukavu. Nia yake ilikuwa akina mama wapate mahali pazuri pa kuzalia. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Miezi michache baadaye walifika makumi wengine, wenye habari ileile.

Mwenye kupatwa na jambo kama hilo hufikiri yuko peke yake duniani. Anaficha kwa mume, anaficha kwa mama yake. Halafu, kwenye kitanda cha jirani, anakuta mwenzake. Hapo ndipo mzigo unaanza kupungua, kwa sababu sasa kuna mtu anayemwelewa bila maneno mengi.

Lakini kuelewana sisi kwa sisi hakutoshi. Sherti na wakubwa wasikie. Mwezi wa 11 mwaka 2012, waaskari wa serikali waliokimbia kutoka Goma walifika Minova, wakabaka na kupora. Mwaka 2014 wanawake wa Minova walisimama mbele ya korti ya kijeshi, vichwa vyao vimefunikwa ili wasitambulikane, wakaeleza yote. Waaskari waliohukumiwa kwa kosa la kubaka walikuwa wachache mno. Mtu anaweza kuuliza: basi, walisema kwa faida gani?

Tuangalie yaliyofuata. Mwaka 2017, wanawake walionusurika kutoka nchi mbalimbali zenye vita walikutana Geneva, wakaunda umoja wao. Jina walilouchagulia ni neno letu la Kiswahili: SEMA. Mwaka 2018 munganga Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Irak, ambaye mwenyewe alitendewa unyama huo na akakataa kunyamaza. Na hapa kwetu, tarehe 26 Desemba 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/065, inayowapa wahanga wa vita haki ya kulindwa na kulipwa fidia. Mfuko uliowekwa kwa ajili ya kazi hiyo unaitwa FONAREV.

Tuseme ukweli: sheria iliyo kwenye karatasi haijazi sufuria. Wengi wangali wanangoja. Lakini zamani mwanamke aliyeomba fidia alionekana kama mwombaji. Leo anadai kilicho chake. Mnamkumbuka yule mjane wa Injili aliyemrudia hakimu mpaka akapewa haki yake? Yeye alikwenda peke yake. Wakienda kumi pamoja, itakuwa vigumu zaidi kuwafungia mlango.

Sasa, sisi tufanye nini?

Kwanza, mwili. Aliyebakwa apelekwe kwenye kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana yake siku tatu. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na muda huo ukipita hazitasaidia tena. Lakini hata kama muda umepita, aende tu: majeraha na magonjwa mengine yanatibiwa.

Pili, tusimlazimishe mtu kusema. Kusema hakuanzii mbele ya mikro wala mbele ya hakimu. Kunaanza na mtu mmoja wa kuaminika, mlango umefungwa. Siku ya kusema hadharani ataichagua mwenyewe, na akikataa, tumheshimu.

Tatu, tusiue kesi. Wazee, mkipokea mbuzi wawili kutoka kwa familia ya mkosaji ili mambo yaishe, mmemaliza shida ya nani? Msichana hatakula mbuzi hao. Na yule aliyetenda atarudi kutenda tena, kwa sababu anajua bei.

Nanyi waume: mke wako hakuvunja ndoa. Alivamiwa. Kumfukuza ni kumpiga mara ya pili, na safari hii mkono ni wako. Na mtoto aliyezaliwa katika mambo hayo asiitwe kwa jina la adui. Yeye hakubeba bunduki.

Katika kila kartie yuko mama anayekaa nyuma kabisa kwenye mkutano wa shirika na kuondoka bila kuaga. Usimwulize mambo mengi. Msaidie kubeba maji, kaa naye, rudi kesho yake. Akianza kusema, sikiliza mpaka amalize.

Aibu ni ya yule aliyetenda. Tuache kumbebesha aliyetendewa.