Karnavali ya Eupen: tuliingia na vikwembe vyetu

Mliniomba niseme namna tulivyoishi Eupen, mashariki ya Ubelgiji, kule wanasema Kijerumani. Nasema karnavali tu.

Msimu unafunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11. Siku kubwa ni Jumatatu kabla ya Kwaresima, Rosenmontag: makundi yanapita, pipi zinatupwa, watu wanaita «Alaaf!» Alhamisi ya mbele yake ni ya wanawake, ukipita na kravati, wanaikata na makasi. Bwana yangu alipoteza mbili!

Mwaka wa pili majirani walituita katika kundi lao. Lakini: «Ninyi vaeni majani na mifupa.» Tukikataa, tutabaki peke yetu. Tukikubali, batoto wetu watatuonaje? Tulijibu kwa upole: tunakuja, ila na vikwembe na ngoma. Wengine walinuna. Bibi mmoja akasema, basi nishonee na mimi. Nilimshonea. Nilipojifungua, yeye ndiye alinishikia batoto.

Kundi lile lilichanga kila mwezi, kama sisi hapa Bisie; nguo na gari vilitoka humo. Daftari yetu ya michango nimeichora kwa mfano wa yao. Iko kwa katibu, mje muikague.